Giaboksi na difu za gari la misuli: anza na barabara, malizia na spana

Mwaka wa kwanza nilipokuwa na Chevelle yangu ya 1970, gari la misuli la Chevrolet, yaani gari la barabarani lililotiwa injini kubwa yenye nguvu, niliifunga difu ya 4.10 (maana ya namba hii nitaieleza hapo chini), kwa sababu kila mtu niliyemjua aliitamani namba hiyo. Giaboksi niliiacha ileile iliyokuwamo, otomatiki ya gia tatu, Turbo-Hydramatic 350. Mjini Houston ilikuwa raha tupu. Taa ikiwa kijani gari linaruka, na kabla hujamaliza kuvuka makutano limeshachanganya. Kisha tukaenda San Antonio kwa barabara ya I-10, maili karibu 200, mimi na shemeji yangu. Kwa mwendo wa maili 70 kwa saa sindano ya mizunguko ya injini kwa dakika ilikaa juu ya 3,700 na haikushuka njia nzima. Tulizungumza kwa kupigiana kelele mpaka Columbus, kisha tukanyamaza. Tulipofika masikio yalikuwa yanavuma, na injini ilikuwa na harufu ya oili iliyochoka.

Difu ile haikuwa mbovu, wala giaboksi. Tatizo ni kwamba nilivichagua kila kimoja peke yake. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia jambo moja: tairi, difu, giaboksi na kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) huchaguliwa pamoja, mezani, kwa kalamu, kabla ya kununua hata nati moja. Na hesabu inaanzia kwenye barabara unayoipita kila wiki.

Kwanza uelewe kwa nini magari haya yana tabia hii. Kuanzia Pontiac GTO ya 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu kila gari la misuli la Marekani lilitoka kiwandani na giaboksi ambayo gia yake ya juu kabisa ni 1.00, yaani propela inazunguka sawasawa na injini. Hakukuwa na gia ya kupumzikia. Kwa hiyo difu ilibeba kazi zote mbili, kuondoa gari na kulitembeza safari ndefu. Mnunuzi alichagua namba ya difu kwenye fomu ya oda: anayependa mashindano ya robo maili akachukua 4.10, anayependa safari akachukua 2.73 au 3.07, na wengi wakaangukia katikati. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 nchi nzima iliwekewa kikomo cha maili 55 kwa saa, na giaboksi za otomatiki zenye gia nne, ya mwisho ikiwa ya ovadraivu (propela inazunguka haraka kuliko injini), General Motors ilizileta mwanzoni mwa miaka ya 1980. Leo barabara nyingi za Texas zinaruhusu 75, na kipande kimoja cha barabara ya kulipia namba 130 kinaruhusu 85. Gari lako lilipimiwa barabara ya zamani, nawe unaliendesha kwenye hii.

Neno moja kuhusu namba, maana hapa watu hukwama. Difu ya 4.10 maana yake propela inazunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu zaidi ya kuondoka, lakini injini inapiga mbio zaidi kwenye lami ndefu. Namba ikiwa ndogo, kinyume chake. Waliokulia kwenye gereji za kwetu wanalijua hili kutoka kwa Land Rover: toa difu ya zamani ya 4.7, weka ya Range Rover ya 3.54, gari linakuwa jipya kwenye lami, ila mlimani likiwa na mzigo utaikumbuka ile uliyoitoa.

Hatua ya kwanza: ujue ulichonacho

Usimwamini muuzaji, hata kama ni mtu mwema. Gari la miaka 50 limepita mikononi mwa watu wengi, na difu hubadilishwa bila kuandikwa popote.

Inua nyuma ya gari kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli pande zote mbili, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, weka gia kwenye niutro na uachie breki ya mkono. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Zungusha gurudumu moja kwa mkono na utazame la upande wa pili. Likizunguka kwenda upande uleule, una difu yenye klachi ndani, ile ambayo Chevrolet waliiita Positraction. Zungusha gurudumu mara moja kamili na uhesabu propela. Ikizunguka mara tatu na karibu robo tatu, una 3.73. Lakini gurudumu la pili likizunguka kinyume, difu yako ni ya kawaida: lishikwe lisisogee, kisha lile jingine lizungushwe mara mbili kamili ndipo uhesabu. Wengi husahau hiyo mara ya pili, wanapata nusu ya namba na kushangaa.

Jibu la hakika liko ndani. Ukifungua kifuniko cha nyuma kubadilisha oili, futa ukingo wa kraunwili, ile gia kubwa ya difu, kwa kitambaa utafute tarakimu zilizogongwa. 41 na 11 ni 3.73. 43 na 13 ni 3.31. 41 na 10 ni 4.10. Gawanya meno ya kraunwili kwa meno ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha, basi. Kwa Chevrolet hesabu pia boliti za kifuniko, ama 10 ama 12, kwa sababu tutalihitaji jibu hilo mbele.

Upande wa giaboksi, karai la chini la Turbo 350 ni la mraba lenye kona moja iliyokatwa. Kwa Muncie ya gia nne za mkono, tazama shafti inayoingia kwenye klachi: kwa kawaida mikato miwili ya mviringo ni M20, mmoja ni M21, na isiyo na mkato ni M22, ile yenye sauti ya kusaga mawe.

Hatua ya pili: tairi kabla ya chuma

Tairi ni gia pia, na ndiyo gia ya bei nafuu kuliko zote. Tairi ya 235/60R15 ina kipenyo cha inchi 26 na kidogo. 255/60R15 ni inchi 27. 275/60R15 ni inchi 28. Ukitoka 26 kwenda 28 na difu ya 3.73, gari litajiendesha kana kwamba una 3.46. Nimeona mtu akinunua difu mpya ya namba kubwa na matairi makubwa katika mwezi mmoja, kisha analalamika kwamba hakuona tofauti. Fedha zake zilikuwa zimefutana.

Kwa hiyo amua tairi za nyuma kwanza: zinazoingia chini ya bodi bila kugusa, na unazozipenda machoni. Pima kipenyo gari likiwa limesimama chini na uzito wake, kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli, kisha zidisha kwa mbili. Namba hiyo huwa pungufu kidogo kuliko ya karatasini. Kwa mifano yangu nitatumia inchi 26.

Hatua ya tatu: mizunguko kwenye mwendo wa safari

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua mwendo kwa maili, zidisha kwa namba ya difu, zidisha kwa gia ya juu ya giaboksi, zidisha kwa 336, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Kama spidomita yako ni ya kilomita na unapima tairi kwa sentimita, badala ya 336 weka 530.

Kwa maili 70 na tairi ya inchi 26, gia ya juu ikiwa 1.00, utapata hivi:

Difu 2.73: mizunguko 2,470
Difu 3.07: 2,780
Difu 3.31: 2,990
Difu 3.55: 3,210
Difu 3.73: 3,370
Difu 4.10: 3,710

Sasa weka ovadraivu ya 0.70, kama ya 700R4, otomatiki ya gia nne ya General Motors, na ile 3.73 inashuka hadi 2,360. Hata 4.10 inakuwa 2,600, pungufu ya difu ya 3.07 kwenye giaboksi ya zamani. Ndiyo sababu naiona ovadraivu kuwa kitu kimoja kilichobadilisha maisha ya magari haya kuliko kabureta mpya au mabomba ya ekzosi. Unapata kuondoka kwa nguvu na safari yenye utulivu kwa pamoja, kitu ambacho mwenye gari hili mwaka 1970 hakuweza kukipata kwa bei yoyote kwenye fomu ile ya oda.

Je, mizunguko mingapi inafaa? Hapo ndipo kamshafti inapoulizwa. Injini ya V8 yenye kamshafti ya kiwandani au ya upole hukaa vizuri kati ya 1,800 na 2,200 kwenye mwendo wa safari. Yenye kamshafti kali, ile inayotikisa gari likiwa limesimama, haipendi kuteremshwa hivyo. Kwa hiyo ninaipa 2,300 hadi 2,600. Ukiishusha chini ya pale inapoanza kupumua, itanung'unika na kugutuka kila ukigusa mafuta, na utakanyaga zaidi ili kupanda daraja dogo tu. Mafuta uliyotaka kuokoa yataondoka hapo. Kwenye karatasi ya kamshafti huandikwa mizunguko inakoanzia nguvu. Kama huna karatasi, endesha gari kwenye gia ya juu polepole, kanyaga kiasi, na usikilize ni wapi linaacha kusitasita na kuanza kuvuta. Andika namba hiyo.

Hatua ya nne: gia ya kwanza mara difu

Zidisha gia ya kwanza kwa difu. Jibu linakuambia gari litaondokaje kwenye taa.

Kwa gia za mkono, mimi napenda jibu liwe kati ya 9.5 na 11. Chini ya 9 utateleza klachi kila unapoondoka, na kwenye foleni ya jioni mguu wa kushoto utakuambia. Juu ya 12, gia ya kwanza inakwisha kabla hujaitumia. Unaingiza ya pili ukiwa bado katikati ya makutano, na tairi za nyuma zinazunguka bure. Muncie M20 yenye 2.52 na difu ya 3.73 inatoa 9.4, pazuri pa kuanzia. M21 yenye 2.20 na difu hiyohiyo inatoa 8.2, na ndiyo maana M21 ilikaa vizuri na 4.10, ikatoa 9.0. Watu wanaitafuta M21 kwa jina lake kisha wanaifunga na 3.31 na kuanza kununua klachi.

Kwa otomatiki mambo ni laini zaidi, kwa sababu konveta, lile dude la oili linalokaa mahali pa klachi, huzidisha nguvu ya injini karibu mara mbili wakati gari linaanza kuondoka. Jibu la 7.5 hadi 10.5 linatosha. Turbo 350 yenye 2.52 na 3.07 inatoa 7.7, na Chevelle yenye injini ya inchi za ujazo 350 huondoka bila aibu.

Kosa la kawaida kabisa siku hizi ni kuleta giaboksi ya kisasa na kubaki na difu ya zamani ya namba kubwa. Tremec yenye gia ya kwanza ya 3.27 juu ya 4.10 inatoa 13.4. Hilo ni trekta. Tremec hao hao hutengeneza TKX yenye gia ya kwanza ya 2.87, kwa 3.55 inatoa 10.2, na kwa ovadraivu ya 0.68 unatembea maili 70 kwa mizunguko 2,180. Ukinipa Chevelle yenye klachi nami niwe na fedha, hiyo ndiyo ningeifunga.

Hatua ya tano: nafasi kati ya gia

Watu wengi huishia kwenye gia ya kwanza na ya mwisho. Katikati ndiko gari linakoishi.

Chukua injini inayobadilishwa gia kwenye mizunguko 5,500. Kwa M20, ukitoka ya kwanza kwenda ya pili mizunguko inashuka hadi 4,100. Injini bado iko kwenye nguvu, gari halihisi pengo. Kwa Turbo 350 inashuka hadi 3,300. Kwa 200-4R, otomatiki nyingine ya gia nne ya General Motors, yenye 2.74 na 1.57, hadi 3,150. Na kwa 700R4, yenye 3.06 kisha 1.63, inadondoka hadi 2,930. Hilo ni shimo. Injini tulivu yenye nguvu ya chini hupita shimo hilo bila shida, na gia ya kwanza ya 3.06 inalisaidia sana gari zito lenye difu ya 3.07. Lakini injini yenye kamshafti kali ikidondoka pale hupotea pumzi kwa sekunde nzima. Utahisi kama mtu amekushika shati. Kwa injini ya namna hiyo naichagua 200-4R bila kusita. Hiyo ndiyo giaboksi Buick waliyoitia kwenye gari lao la Grand National, kwa hiyo ikijengwa vizuri inastahimili nguvu.

Kwa wenye Ford, habari ni ileile kwa majina mengine. Otomatiki za C4 na C6 zote zina 2.46, 1.46 na 1.00. Toploader ya gia nne za mkono ilikuja kwa namna mbili, yenye 2.78 na yenye 2.32, na hiyo ya pili inataka difu ya namba kubwa. T5, giaboksi ya mkono ya gia tano ya Mustang za miaka ya 1980, ina 3.35 mwanzo na 0.68 mwisho, ni nyepesi na inafaa injini ya 289 au 302, ila usiitwishe injini kubwa. Kwa Chrysler, TorqueFlite 727 yenye 2.45 ni moja ya otomatiki ngumu kuliko zote za enzi ile.

Kabla hujainunua otomatiki ya ovadraivu

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu nimeona giaboksi nzima zikiungua kwa kebo moja.

700R4 na 200-4R zote zina kebo inayotoka kwenye kabureta hadi ndani ya giaboksi. Wengi hudhani ni kebo ya kushusha gia tu, kama ya Turbo 350, wanaifunga kwa makadirio. La. Kebo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi iongeze shinikizo la oili kadiri unavyokanyaga. Ikilegea, klachi za ndani hubanwa kwa shinikizo dogo, zinateleza, na zinaungua, mara nyingine ndani ya safari moja. Kabureta ikiwa imefunguka mpaka mwisho, kebo nayo iwe imevutwa mpaka mwisho wake. Kabureta isiyo ya kiwandani inahitaji kipande maalumu cha mkono wake ili kebo ivutwe kwa pembe sahihi. Kinunue. Kaa mbele ya gari, mwenzako akanyage pedali mpaka sakafuni injini ikiwa imezimwa, na uangalie kebo kwa macho yako. Ndipo uwashe.

La pili ni konveta. Otomatiki hizi zina konveta inayojifunga kwenye mwendo wa safari ili isiteleze. Ukiwa na konveta inayoanza kushika kwenye mizunguko 2,500 na unasafiri kwa 2,100 bila kujifunga, inateleza muda wote na kupika oili. Peleka umeme wa volti 12 kwenye soketi ya giaboksi, upite kwenye swichi ya pedali ya breki ili ijifungue unapofunga breki, na uweke kipozeo cha oili mbele ya rejeta. Kwa joto la Texas mwezi Agosti kipozeo hakina mjadala.

La tatu ni vipimo. 200-4R ina urefu sawa na Turbo 350 yenye mkia mfupi, kwa hiyo mara nyingi propela inabaki ileile na unasogeza krosimemba, chuma kinachoibeba giaboksi kwa chini, tu. 700R4 ni ndefu kwa inchi 3 hivi, na propela lazima ikatwe na kubalansiwa. Giaboksi za mkono za gia tano huweza kugusa nundu ya sakafu. Kama gari lako lina injini na giaboksi zake za asili zenye namba zinazolingana, tafadhali usikate sakafu. Chagua giaboksi inayoingia bila msumeno, na ile ya zamani uifunge kwenye sanduku lenye oili na uitunze. Siku moja mtu ataihitaji.

Difu inayobeba

Ukishapata namba, uliza kama nyumba ya difu inaiweza. Ya Chevrolet yenye boliti 10 ya miaka ya 1960 inatosha kwa injini ya kawaida na tairi za kawaida. Ukiongeza tairi zinazonata na kuachia klachi kwa ghafla, jiandae. Ya boliti 12 ina kraunwili ya inchi 8.875 na inavumilia zaidi, ila shafti zake hushikwa na klipu ndani ya difu: shafti ikikatika, gurudumu linaweza kutoka nje. Ford ya inchi 9 haina ugonjwa huo, na sehemu yake ya kati hutolewa mbele kama mzigo mmoja, unaitengeneza mezani. Chrysler ya inchi 8¾ nayo hutoka hivyohivyo. Dana 60 ni ya wale wenye injini kubwa kabisa, na ni nzito.

Kwenye boliti 12 kuna mtego wa keria, yaani kile kinachobeba kraunwili. Keria inayobeba 3.31 hadi 3.73 ni moja, kuanzia 4.10 ni nyingine, kwa sababu pinioni inakuwa ndogo na kraunwili lazima isogee karibu. Ukitoka 3.31 kwenda 3.73 unabadilisha meno tu. Ukienda 4.10 unanunua keria au kraunwili nene. Hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuipenda 3.55 na 3.73.

Kufunga, na kwa nini usiharakishe

Difu yangu ya pili niliipeleka kwa gereji moja iliyoniahidi jioni ileile. Ikarudi inalia kuanzia maili 40, sauti nyembamba kama ya mbu sikioni, na nikiachia mafuta inanyamaza. Nilipoifungua mwenyewe nikapaka meno matano ya kraunwili rangi ya manjano ya kupimia, nikazungusha kwa mkono huku mwenzangu akikaza breki kidogo. Alama ilikaa kwenye ncha nyembamba ya jino, karibu na ukingo, badala ya katikati. Hakuna aliyekuwa amepima kina cha pinioni. Waliitoa ya zamani na kuipachika mpya kwa shimu (pete nyembamba ya kurekebishia nafasi) ileile.

Basi fundi wako, au wewe, afuate mpango huu. Kina cha pinioni kwanza, kwa shimu. Kisha mkazo wa beringi za pinioni, kwa bushi mpya ya kubonyea. Ukipitiliza kukaza hulegezi nati, unaweka bushi nyingine. Kisha uwazi kati ya meno, ambao kwa boliti 12 hupimwa kwa geji ya sindano, inchi 0.006 hadi 0.010, sehemu tatu au nne za mzunguko. Mwisho rangi. Alama ikae katikati ya jino, si juu sana wala kwenye mzizi. Isipokaa, rudi kwenye shimu. Mimi huchukua siku nzima, mara nyingine na nusu ya pili.

Pembe za propela zipime ukiwa chini ya gari, uzito ukiwa kwenye magurudumu. Mstari wa shafti ya giaboksi na mstari wa pinioni viwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja, na kila krosi, yaani kiungio cha propela, ifanye kazi kwa digrii 1 hadi 3. Ukiona mtetemo unaopanda na mwendo baada ya kubadilisha giaboksi, anza hapo. Badilisha pia kagia kadogo ka plastiki ka spidomita, la sivyo utaendesha kwa namba ya uongo.

Oili: kwenye difu weka 80W-90 ya daraja la GL-5, na kama ni yenye klachi ndani ongeza chupa ya dawa ya klachi, vinginevyo itagugumia kwenye kona. Kwenye Muncie na ndugu zake wa zamani weka GL-4, maana zina sinkronaiza (pete zinazolainisha kuingia kwa gia) za shaba na GL-5 nyingi huzidhuru.

Magari matatu

Chevelle yangu leo ina injini ya 350 yenye kamshafti ya upole, 200-4R, difu ya 3.55 na tairi ya inchi 26. Kuondoka 9.7, safari 2,150. Niliirudisha I-10 na shemeji yuleyule. Safari hii aliniambia, "Shemeji, washa redio." Hakuna aliyepaza sauti.

Mustang ya 1967 yenye 289 na difu ya Ford ya inchi 8, tairi ndogo ya inchi 25: T5 na 3.25. Kuondoka 10.9, safari kama 2,080. Mwenye nayo alitaka 3.80. Tulipiga hesabu pamoja, ikatoka 12.7, akaiacha.

Road Runner ya 1969 yenye 383, TorqueFlite 727, 3.23 na tairi ya inchi 27: mizunguko 2,810 kwa maili 70. Mzee mwenye gari hilo huenda kanisani Jumapili na kwenye maonyesho ya magari mara mbili kwa mwezi, yote ndani ya maili 30. Alikuja na orodha ya vitu vya kununua. Nilimwomba aache kila kitu kama kilivyo, abadilishe oili na krosi za propela tu.

Maili 500 za mwanzo

Difu mpya isikimbizwe. Siku ya kwanza endesha maili 15 hadi 20 taratibu, kisha simama uiache ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya nyumba yake bila kukitoa. Rudia mara mbili au tatu. Usivute trela, usikanyage mpaka sakafuni, usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Zikitimia maili 500, fungua kifuniko na umwage oili yote ikiwa bado ya moto. Pangusa sumaku iliyo ndani ya difu kwa kidole. Ukikuta ute wa kijivu laini kama hina iliyolowekwa, ni meno yanazoeana: safisha, jaza oili mpya, funga. Ukikuta vipande vinavyong'aa na vyenye ncha ya kukwaruza ngozi, usiwashe gari tena siku hiyo. Rudi kwenye rangi ya manjano na uanze na pinioni.